Nyumba ya Kipande Kimoja

Ujiji, Kigoma
9 Februari 2024

Mwanangu Gharib,

Salamu hizi zinatoka kwa mama aliyekuzaa, akakubeba mgongoni, akakusomesha kwa vitumbua mpaka ukawa msanifu majengo, kwa hiyo zipokee kwa mikono miwili. Huku hatujambo. Dada yako Hadija amejifungua salama kule Simbo, mtoto wa kike, kichwa kikubwa kama chako, maana yake akili zipo. Jirani yetu Melania, yule muuza samaki wa migebuka, anakusalimu. Bibi yako Bi Mwanakombo anasema hivi, nami naandika kama alivyosema: "Mwambie mume wangu nimechoka kulala peke yangu, kama ana mke mwingine huko Dar aseme."

Usishangae barua. Nikikupigia simu unasema "sawa mama, sawa mama, nipo saiti," kisha kimya. Barua hutaweza kuikata katikati. Shemeji yako Jumanne ndiye anayekuja nayo, na unijibu kwa mkono wake.

Nyumba tumeingia. Mwanangu, siku ya kuhamia nilivaa kitenge kipya na nikasimama njiani mwenyewe kupokea watu. Nimewaambia wote, kuanzia msikitini mpaka sokoni: hii kaijenga Gharib, mwanangu mimi Safina, niliyeishia darasa la saba. Hakuna nyumba ya namna hii Kigoma nzima. Hilo ni kweli, na hata wanaoicheka wanakubali kwamba hakuna.

Kwa sababu wanaicheka, Gharib. Nianze kusema sasa. Wanauliza rangi lini. Wanauliza plasta lini. Nawaambia imekwisha, wananitazama kwa huruma kama nimedhulumiwa. Melania alikuja akazunguka nje nzima, akarudi pale alipoanzia, akaniuliza, "Mama Gharib, mnaingilia wapi? Au ni tangi la maji?" Nikamwambia huko wanakoishi watu wenye akili nyumba ndivyo zilivyo. Nikamwonyesha mlango, nikausukuma, ukafunguka. Nilijivuna mbele yake, lakini usiku huo sikuona raha, kwa sababu mimi mwenyewe siku ya kwanza niliupita huo mlango mara mbili.

Na upande wa barabarani, ule ukuta mrefu usio na dirisha hata moja, watu wameugeuza choo. Wanatoka kwenye pombe zao, wanaona ukuta mtupu, wanadhani ni ghala. Asubuhi nikifungua pua nasikia harufu ya wanaume nisiowajua. Kinyaa nilichonacho hakielezeki. Mimi mjane, nimekaa miaka yote hiyo kwa heshima, leo ninaosha mikojo ya walevi kwenye nyumba ya mwanangu msomi.

Lakini hayo ni madogo. Kubwa ni Bibi yako.

Unajua macho yake yalikwisha baada ya msiba wa baba yako. Kwenye nyumba ya zamani hilo halikumsumbua. Kila mlango ulikuwa na fremu, akigusa anajua. Kila chumba kilikuwa na kizingiti, mguu unamwambia hapa jikoni, hapa uani. Asubuhi alikuwa anatoka peke yake mpaka barazani, anakaa, anapokea shikamoo za barabara nzima, na kila apitaye anamjua kwa sauti. "Marahaba Pastory, mbona leo umechelewa?" Ndiyo ilikuwa kazi yake.

Humu ndani anashindwa. Ukuta ni laini tangu mwanzo mpaka mwisho. Mlango ni sawasawa na ukuta, hauna fremu, hauna kitasa, hauna kizingiti. Anapapasa anazunguka chumba, anaupita mlango anarudi pale pale. Juzi alinifanya nilie. Aliniuliza, "Safina, watu wamehama mtaa huu? Mbona sisikii mtu?"

Kwa hiyo nakuomba vitu vitatu, na si vya gharama. Weka fremu na vitasa. Toboa dirisha la barabarani. Na mjengee Bibi baraza mbele, hata ya tofali mbili, aketi.

Ni mimi mama yako, mama wa msanifu,
Safina binti Omari


Dar es Salaam
17 Machi 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Ramadhani njema kwako na kwa Bibi. Nimefurahi sana kusikia habari za Hadija, mwambie nitamtumia mtoto nguo. Huku joto ni kali na kazi ni nyingi. Mkuu wangu wa ofisi amenipa jengo langu la kwanza la kusimamia peke yangu. Mke wangu wa huko mwambie huku sina mke mwingine, nina michoro tu, ndiyo inayonilaza macho.

Mama, nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Nimeisoma barua yako mara nyingi.

Nataka uelewe nilichokifanya, kwa sababu ukielewa utaweza kuwajibu wanaocheka. Ile nyumba si matofali yaliyopangwa kisha yakafichwa kwa plasta na rangi. Ni zege lililomiminwa, sakafu na kuta na paa, kitu kimoja. Unakumbuka miamba ya kule Bangwe nilipokuwa narukia majini utotoni, na wewe unapiga kelele juu? Mwamba hauna pambo, hauombi utazamwe. Upo tu. Nilitaka nikujengee kitu kama hicho. Mji wetu umejaa nyumba zenye nguzo za urembo, vigae vya kung'aa, simba wa saruji getini. Kila nyumba inapiga kelele. Nilitaka ya kwetu inyamaze.

Mlango ukiwa na fremu, ukuta unakatika. Dirisha likiwekwa upande wa barabara, lile umbo linavunjika. Baraza nayo itaonekana kama kitu kilichobandikwa. Mwanga unatoka juu, kwenye ule uwazi wa katikati. Ukikaa pale saa nne asubuhi utauona unavyoshuka ukutani taratibu. Hakuna nyumba Ujiji yenye mwanga huo.

Naomba msiongeze kitu kwa sasa. Kuna watu huenda wakaja kuipiga picha. Nitakueleza mambo yakikamilika.

Kuhusu mikojo, nimesikitika. Nadhani watu wakizoea wataacha.

Mwanao,
Gharib


Ujiji
15 Aprili 2024

Gharib mwanangu,

Idd ilikuwa nzuri, alhamdulillahi. Pilau nilipika mimi, maana nani mwingine. Hadija alikuja na mtoto, tukampa jina la Bibi, Mwanakombo mdogo. Bibi alimshika kichwa akacheka, "Huyu Gharib kapitia hapa." Barua yako ilifika ikiwa na doa la mafuta ya alizeti, sijui Jumanne huwa anasafiri na nini.

Niliisoma kwa sauti mbele ya Bibi. Kwanza nikaona fahari, unaandika kama mtu wa gazetini. Kisha nikatafuta mahali ulipomjibu Bibi kuhusu mlango. Nikageuza karatasi. Hapakuwa na kitu. Umeandika mwamba, umeandika simba wa saruji, umeandika mwanga wa saa nne. Mwanangu, Bibi yako haoni huo mwanga. Saa nne ya asubuhi kwake ni sawa na saa nne ya usiku.

Na hao simba unaowacheka, Gharib, ni wa mzee Bonifasi pale juu, na Bibi alikuwa akipelekwa kumtembelea anamgusa simba masikio, anajua amefika.

Unasema watu wakizoea wataacha kukojoa. Wamezoea ndiyo, wamezoea kukojoa. Nimenunua kopo la rangi nyekundu na nimeandika mwenyewe, kwa mwandiko wangu ule uliokuwa ukisifiwa na mwalimu: USIKOJOE HAPA. NI NYUMBA YA MTU. Herufi kubwa, zinaonekana tangu kwa Melania. Wamepungua. Ila mganga mmoja ameona kumbe ukuta unaandikwa, naye kaandika namba yake ya simu, dawa ya mapenzi na kurudisha mali iliyopotea. Naona na wewe ungempigia.

Halafu kuta zinatoka jasho. Mvua hizi zikinyesha ndani kunakuwa kama tumbo la samaki, baridi na unyevu, nje kumeota ukungu wa kijani na mistari myeusi inashuka kama machozi ya wanja. Nikikaanga migebuka kwa mawese, moshi hauna pa kwenda, unazunguka unatulalia sisi. Ninanuka mawese mpaka msikitini. Ulisema nyumba inanyamaza. Kunyamaza imenyamaza, lakini harufu inayo.

Haya, sikuandika kukutukana. Naandika kukwambia tumepata dawa. Fundi Pastory alirudi kutoka Kidahwe na kamba nene ya nyavu. Alitoboa ukuta, zege lako likamvunjia ncha mbili za dreli, akakutaja kwa jina ambalo silirudii. Lakini imekaa. Inaanzia kitandani kwa Bibi, inapita ukutani kimo cha kifua chake, inafika mlangoni, inakwenda choo, inakwenda mpaka nje. Pastory amefunga mafundo: fundo moja choo, mafundo mawili mlango wa nje. Mlango tumeupigilia kipande cha ngozi cha kuvutia.

Gharib, ungemwona. Siku ya kwanza alishika kamba akaenda mpaka nje, akarudi, akaenda tena, kama mtoto aliyejua kutembea. Mikono yake ina mawese kila wakati, kwa hiyo sasa kuna mstari wa rangi ya machungwa ukutani chumba kizima. Sijaufuta. Nje nimemwekea ndoo ya rangi iliyogeuzwa, ndiyo baraza yake kwa sasa. Anakaa juani ukutani. Melania akifungua kibanda chake anamsalimu kwa Kiha, "Mwakeye, Bibi!" Naye anajibu mpaka mtaa unasikia.

Kwa hiyo fremu nimekusamehe. Baraza sijakusamehe.

Mama yako,
Safina


Dar es Salaam
20 Mei 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo kwa Bibi. Nimefurahi kwa habari za Mwanakombo mdogo. Mimi sijambo, ila nimekonda kidogo, usianze kulia.

Sasa naweza kukueleza. Nyumba yako imeingia kwenye mashindano ya wasanifu vijana, nje ya nchi. Kati ya kazi nyingi kutoka bara zima imechaguliwa kwenda hatua ya mwisho. Mama, hii ni nyumba ya Ujiji. Kazi zote nilizofanya ofisini zimeandikwa jina la mkuu wangu. Hii ni ya kwanza yenye jina langu, na jina la baba.

Wapiga picha wawili watakuja mwanzoni mwa Juni. Ni watu wazuri, wapokee. Naomba mambo machache tu, kwa siku hiyo moja. Pastory asugue yale maandishi mekundu. Vyombo, mikeka na ndoo vitoke. Ule mstari wa mawese ufutwe. Na kamba itolewe kwa muda, wakimaliza itarudishwa pale pale. Mashimo yake watayarekebisha wao kwenye kompyuta.

Ni siku moja tu, mama.

Mwambie mke wangu akivumilia hii, nikishinda nitamletea kashata sinia zima.

Gharib


Ujiji
11 Juni 2024

Gharib,

Leo sina salamu ndefu. Tuko hai.

Watu wako walikuja, kijana na binti. Niliwapokea kwa sababu nilikuwa na hamu, nakiri, nilishamtangazia kila mtu kwamba wanakuja kupiga picha nyumba ya mwanangu na itaonekana dunia nzima. Nilivaa. Nilisuka. Nilidhani na mimi nitakaa kwenye picha.

Walitoa mikeka. Walitoa kinu na kibao cha mbuzi. Walitoa kanga zangu kwenye kamba ya nguo, wakatoa na kamba ya nguo. Walisugua mawese. Kisha wakaweka katikati ya nyumba kiti kimoja, kiti walichokuja nacho wenyewe garini, kwa sababu viti vyangu havikufaa. Nikauliza nikae? Binti akacheka kwa adabu, "Hapana mama, kitabaki hivyo hivyo." Wamesafiri toka huko wanapiga picha kiti ambacho hakijakaliwa.

Kamba ikatoka, na ile ngozi ya mlangoni ikatoka. Bibi wakaomba akae chumbani kwake kidogo, kwa sababu anaonekana. Ndivyo walivyosema, anaonekana. Nikamwingiza, nikamkalisha kitandani, nikamwambia mama tulia kidogo, narudi. Wakaurudisha mlango ukafungwa, wakafurahi, maana mlango ukifungwa ukuta unakuwa mmoja. Mimi nikaenda kwa Melania kuwachemshia chai hao wageni wako.

Chai haikuchukua muda. Niliporudi walikuwa wamelala kifudifudi sakafuni na mashine yao wanausubiri huo mwanga wako. Nikauliza Bibi yuko wapi. Kijana akasema, "Amelala, kumetulia kabisa."

Nikausukuma mlango.

Alikuwa amesimama pembeni, siyo upande wa mlango, upande mwingine kabisa, paji la uso limeegemea ukuta. Mikono imechubuka kwa kupiga. Alitaka kwenda choo. Alitafuta kamba hakuna, akatafuta mlango hakuna, akazunguka chumba, akaita, wala hawakusikia kwa sababu ukuta wako ni mnene. Kanga yake imelowa mpaka chini na sakafu imelowa. Bibi yako, Gharib. Bi Mwanakombo ambaye mji mzima ukipita unamwamkia. Nilipomshika akasema, "Safina, mmenizika bila kuniosha."

Yule binti alichungulia mlangoni akaziba pua. Nilimwona.

Sijui nilisema nini baada ya hapo. Melania anasema nilisikika mpaka sokoni. Walikusanya vitu vyao wakaondoka, na kiti chao nikawarushia.

Nilimwogesha. Pastory akarudisha kamba jioni ile ile, kama ulivyoahidi, pale pale. Nikampa Bibi ashike, akauondoa mkono wake. Akasema, "Mkiitoa tena nitajuaje?" Tangu siku hiyo hashiki. Hatoki kitandani mpaka nimwongoze.

Ninachukizwa, mwanangu. Nikitazama zile kuta natapika, kweli natapika, siyo maneno. Nakwambia kama mama yako, usiniandikie mwamba tena.

Safina


Dar es Salaam
25 Agosti 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mmeamka salama. Nimepiga simu mara nyingi haipokelewi, na Hadija ananiambia tu kwamba mpo. Mpo wapi, haniambii.

Barua yako ya Juni ninayo. Nimeanza kuijibu zaidi ya mara moja.

Tumeshinda, mama. Nilitaka ulijue kutoka kwangu kabla hujalisikia kwa watu. Jarida limetoka na picha ya nyumba ipo mbele, ukurasa wa kwanza kabisa. Nimekuwekea nakala humu ndani. Nitasafiri Septemba kwenda kupokea tuzo, kwa hiyo Maulidi sitaweza kuja.

Nimechora kitu. Ni mfereji mdogo uliochongwa ndani ya zege, kimo cha kiuno, unaozunguka chumba mpaka mlangoni. Hauonekani ukiwa mbali, lakini mkono unaufuata. Hakuna atakayeweza kuutoa. Nataka kujua jambo moja. Bibi anapapasa kwa mkono wa kulia au wa kushoto?

Mwanao,
Gharib


Ujiji
6 Oktoba 2024

Mwanangu Gharib,

Hongera. Nimelisema kwanza, lisipotee. Hongera sana, baba yako angechinja. Mimi nimepika vitumbua nikagawa mtaa mzima bure, na kila aliyekula nilimwonyesha jarida, hata asiyetaka. Hadija hajambo, mtoto ametoa jino. Mvua zimeanza, dagaa wako kidogo. Jumanne alichelewa kufikisha barua kwa sababu aliipeleka kule kwenye nyumba, mlinzi akamwambia hawamjui Safina.

Ndiyo, kuna mlinzi. Hatukai kule.

Tuliondoka mwezi ule ule wa Juni. Bibi alikataa kula mle ndani. Akila anatapika, na mimi pia, tukawa tunatapika wawili. Nikamkokota mpaka nyumba ya pili, kwa Melania, kwenye vyumba vyake viwili vya mbele. Nyumba ya tofali za udongo, bati lina kutu, na fremu za milango amezipaka bluu, rangi ambayo wewe ungeugua. Mbele ina baraza. Siku ya kwanza Bibi alikaa pale tangu asubuhi, akaita "Marahaba" hata kwa asiyemsalimu. Jioni akala ugali na samaki mzima.

Nilikaa kimya nisikuambie kwa sababu niliona aibu kwa ajili yako. Mama gani anatoka kwenye nyumba aliyojengewa na mwanawe anakwenda kupanga kwa muuza migebuka. Melania naye hakuniacha hivi hivi, siku ya kuhamia aliniambia, "Karibu mama Gharib, samahani, huku kwetu mlango unaonekana." Tukacheka mpaka tukakaa chini.

Nyumba imepangwa na shirika moja la wanaohudumia kambi za wakimbizi. Walikuja wenyewe, wameipenda vibaya sana. Mkubwa wao anasimama katikati pale asubuhi na kikombe cha kahawa anatazama juu, anasema mwanao ana akili nyingi. Namwambia najua. Wao wana macho, wana feni, wana mlinzi, hawakaangi kitu. Inawafaa. Kodi yao inatutosha sisi na inabaki ya dawa za Bibi. Kwa hiyo usiseme kazi yako imepotea. Ipo, imesimama, ila haikuwa ya kwetu.

Jarida lako nilimsomea Bibi. Maneno yenyewe ni ya Kizungu, mkubwa wa shirika ndiye aliyenitafsiria, "utulivu" sijui "usafi wa umbo". Bibi akaniomba nimweleze picha. Nikamwambia: ni ule ukuta mrefu wa ndani, mtupu, mwanga unashuka toka juu, na kiti kimoja hakina mtu. Akauliza, "Na mimi nilikuwa wapi wakati huo?"

Nilitazama vizuri. Mwanga upo pale pale ulipokuwa nilipowakuta wamelala sakafuni. Ule ukuta ni wa chumba chake. Mlango upo kwenye picha, mwanangu, upande wa kushoto, lakini hata mimi ninayeujua ilibidi niutafute kwa kidole. Nikamwambia, "Mama, ulikuwa nyuma ya huu ukuta."

Akapitisha mkono kwenye karatasi, juu chini, kama anatafuta. Kisha akasema, "Mwambie mume wangu amefaulu. Sionekani."

Nimeandika kama alivyosema. Sikupunguza.

Umeniuliza anapapasa kwa mkono gani. Tangu Februari nimekuwa nikikuandikia kuhusu mtu, hilo ndilo swali la kwanza uliloniuliza kuhusu yeye, nami nimelia nilipoliona, na sijui kama nimelia kwa hasira au kwa furaha. Sitakujibu. Njoo umtazame. Huo mfereji wako ninaamini ni mzuri, wachongee watu wengine vipofu, sisi hatuhitaji tena.

Kwa watu nitaendelea kukusifu mpaka nife, hata ukijenga choo. Lakini wewe uliniweka kwenye nyumba ambayo mtu akiishi ndani yake inaharibika, na hilo nimelikinai, sitaki kulionja tena.

Ukija uje hapa kwa Melania, utalala chumba cha Bibi kwenye mkeka. Njoo bila mchoro. Najua mkono wako, ukikaa siku mbili utaanza kuona kasoro, na kasoro zipo tele. Paka rangi ukitaka, ziba bati linapovuja. Lakini mlango wa mbele unalia kila ukifunguliwa, unalia vibaya, utakukera. Bibi anausikia anajua nani katoka na nani kaingia. Usiutie mafuta.

Mama yako,
Safina binti Omari